Nguzo imefika kitongojini: namna ya kuuingiza umeme ndani bila kurudia kazi

Nguzo zimesimama, waya umevutwa, transfoma ipo jirani na ghala la korosho. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000 na wengi huihesabu hiyo tu. Ndiyo pesa ndogo kuliko zote kwenye shughuli hii. Anayekwama, awe Tandahimba, Mtama au Nachingwea, hukwamia kwenye umbali, wayaringi au ethi (fimbo na waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja). Malizana na hayo matatu kwanza, ndipo uombe.

Chukua futi ya kupimia. Pima kuanzia nguzo iliyo karibu hadi kona ya nyumba utakapotua waya. Usipime hadi mlangoni. Ndani ya mita 30 waya huvutwa moja kwa moja. Ukizidi hapo inatakiwa nguzo nyingine, na kusubiri nguzo ndiko kunakokula miezi. Mara nyingi kilichozidi ni mita tatu au nne tu, na kuhamishia mita ya umeme kona nyingine kunamaliza tatizo. Kama katikati kuna mkorosho wa jirani, kubalianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ni matawi gani yakatwe. Msifanye hivyo siku mafundi wamekuja na ngazi, tena mti ukiwa kwenye maua.

Wayaringi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa sababu fomu ya maombi inataka mchoro na mhuri wake. Vishoka, mafundi wasio na leseni, hufanya kazi kwa nusu bei, kisha wanatafuta mhuri wa kuazima. Nyumba ikiungua, mwenye mhuri hakujui. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu, hata ya udongo, inaweza kutumia UMETA: ubao uliokuja tayari na soketi, swichi na breka, unafungwa ukutani na wayaringi unaishia hapo. Ila kwa paa la makuti, usipitishe waya juu ndani ya makuti. Ushushe ukutani ndani ya paipu.

Ukifanya wayaringi kamili, taa zipite kwenye waya wa milimita 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi zitumie milimita 2.5 na breka ya ampea 20. Hapa ndipo penye hila: breka ya 20 ikiwa inakatakata, fundi mvivu anaweka ya 32 na kelele zinakwisha. Zimekwisha kwa sababu sasa waya unachemka kabla breka haijashtuka. Ukinunua waya, chagua mtindo mmoja wa rangi, mwekundu na mweusi au kahawia na bluu, usichanganye. Viungo vyote viwe ndani ya boksi, vifungwe kwa koneta yenye skrubu. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi juu ya dari ni moto unaongoja siku yake.

Ethi ndiyo inayodharauliwa kuliko yote, na huku pwani ndiyo ngumu kuliko kwingine. Mchanga wa Msimbati au Mikindani ukikauka baada ya masika haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya mita 1.2 iliyopigwa Aprili ardhi ikiwa mbichi inaweza kupita kipimo, kisha Septemba ikawa pambo. Piga fimbo mbili, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, ziungane kwa waya wa shaba. Ziweke upande unaomwagwa maji, karibu na bafu. Kuna wanaojaza chumvi na mkaa shimoni. Chumvi huondoka na mvua, na kabla haijaondoka huila fimbo. Kibano kinachoshika waya kwenye fimbo usikizike: kiache ndani ya kishimo chenye mfuniko, ukifungue na kukisugua kwa msasa kila mwaka, maana hewa ya chumvi hukitia kutu ya kijani. Juu ya yote weka RCCB ya miliampea 30. Ethi ikiwa dhaifu, kifaa hicho ndicho kinachokata umeme unaovuja kabla haujamuua mtu, na kina kitufe cha kujaribu. Kibonyeze kila mwezi.

Sasa omba, kwa simu kupitia NIKONEKT, mfumo wa maombi wa TANESCO, au kwenye ofisi ya shirika hilo wilayani, ukiwa na namba ya NIDA. Mpimaji atakuja, kisha utapewa namba ya malipo. Pesa ipite kwenye namba hiyo tu. Anayedai taslimu ya “kuharakisha” mwache aende zake.

Siku ya kuunganishwa, simama nje uangalie jambo moja: waya unaotoka nguzoni usiguse bati. Kusi likivuma, waya hujisugua kwenye ncha ya bati hadi plastiki inatoboka, na bati zima linapata umeme, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye kenchi. Ukiona unagusa, waambie wanyanyue kishikio kabla hawajashuka. Baadaye taa zikififia kila jioni nyumba nzima, toa taarifa. Inaweza kuwa mko mwisho wa laini, au kiungo cha nutro (waya wa kurudishia umeme) kimelegea, na hicho cha pili huunguza friji.

Kwa matumizi madogo, kundi la D1, yaani wateja wadogo wa majumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa zinazozidi, kabla ya kodi. Taa tano za wati 9 kwa saa tano kila siku ni karibu uniti 7 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa muda huohuo ni uniti 9, friji ndogo kama 30, pasi mara mbili kwa wiki uniti 9. Jumla 55. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku ni uniti 90 peke yake.