SOMO: Mazoezi na bakteria wa tumboni kwa sisi wanawake

Habari zenu, dada zangu. Wengi tunafanya mazoezi kwa ajili ya kitambi. Leo tuingie ndani zaidi, kwenye utumbo mpana, wanakoishi matrilioni ya bakteria wanaokula masalia ya chakula ambayo sisi hatuwezi kuyameng'enya.

Mwaka 2017 watafiti wa Madrid, Hispania, walilinganisha wanawake 40, wenye mazoezi na wasio na mazoezi. Wenye mazoezi walikuwa na bakteria wengi zaidi wanaotengeneza butireti, asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Kuwa na mazoezi hapo kulimaanisha angalau siku 3 kwa wiki, nusu saa kila siku. Si mambo ya kujiua jimu.

Hatua ya 1. Anza na kutembea haraka: uweze kuongea, lakini kuimba ushindwe. Nusu saa, siku 3.

Hatua ya 2. Ongeza kidogo kidogo hadi saa nzima, kisha weka kukimbia au kuruka kamba.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi mnapoanguka. Butireti hutengenezwa kutokana na nyuzinyuzi, yale masalia tusiyoweza kuyameng'enya. Ukitoka mazoezini ukala chipsi na soda, bakteria hao watatengeneza kwa kutumia nini? Kula dona, maharage, kunde, mchicha, matembele. Kama hujazoea, ongeza taratibu, la sivyo gesi itakuumbua mbele za watu. Na maji ya kutosha.

Hatua ya 4. Usiache. Huko Illinois, Marekani, watu walifanya mazoezi wiki 6 bila kubadili mlo, na butireti ikapanda, hasa kwa wembamba. Wakapumzika wiki 6 nyingine, faida karibu yote ikapotea.

MASWALI

Mama Nasra: Dada, mimi nina mwili. Natembea kila siku lakini mzani haujasogea. Si najichosha bure?
Jibu: Hapana, mama. Finland wanawake wenye uzito mkubwa waliendesha baiskeli za mazoezi wiki 6. Uzito haukupungua, ila bakteria aitwaye Akkermansia, anayehusishwa na afya nzuri ya mwili, aliongezeka. Endelea.

Binti wa Tanga: Nikiwa kwenye siku zangu tumbo huendesha. Ni mazoezi?
Jibu: Mara nyingi ni prostaglandini, kemikali zinazobana mfuko wa uzazi, hubana na utumbo pia. Ukijisikia, tembea tu, hakuna ubaya.

Shosti: Nikikimbia mbali lazima nitafute choo!
Jibu: Pole, shosti. Ukikimbia sana damu huhamia kwenye misuli, utumbo unabaki na kidogo. Kula saa 2 au 3 kabla ya kukimbia, na siku ya mbio ndefu yaache maharage hadi urudi. Ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali.