Kupiga Mandhari kwa Jicho la Bamba la Kioo

Anayetaka kupiga mandhari kwa namna ya wapigapicha wa miaka ya 1860 na aanze na anga, kwa kuwa ndilo lililowasumbua kuliko milima yenyewe. Bamba la kioo, lililotumika kunasa picha baada ya kupakwa kolodioni (umajimaji wa kunata unaoshika kemikali za kuitikia mwanga), njia aliyoitangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851, liliitikia zaidi mwanga wa bluu, likawa karibu kipofu kwa nyekundu. Kwa hiyo anga lilitoka jeupe tupu, huku majani na udongo mwekundu vikigeuka vyeusi.

Kwa kamera ya kidijitali, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe katika programu ya kuhariri, pandisha mwangaza wa bluu, kisha shusha wa nyekundu na kijani. Mawingu mengi yatapotea, nawe usijaribu kuyarudisha. Faida iko kwenye vilima vya mbali: utusitusi wa bluu unaovifunika utavifanya vififie safu baada ya safu, na hapo ndipo picha inapopata kina.

Anga jeupe lina umbo lake, nalo ndilo la kupanga kwanza. Mpigapicha Mmarekani Carleton Watkins, aliyepiga bonde la Yosemite, California, mwaka 1861 kwa mabamba ya takriban sentimita 46 kwa 56, alilijua hili vizuri. Katika picha zake za bonde hilo za 1865 na 1866 upo mti mrefu wa mbele unaolipasua anga na kuyapa macho kipimo cha majabali ya nyuma. Tafuta kitu cheusi cha namna hiyo, kisha usogee kwa miguu, hatua moja moja, mpaka ncha yake isigusane na ukingo wa mlima.

Piga alfajiri, kabla ya upepo, kamera ikiwa juu ya stendi, na jua likitokea ubavuni. Kioo kilihitaji kupokea mwanga kwa sekunde nyingi, pengine dakika, ndiyo maana maji ya picha hizo ni laini.

Ukishindwa kabisa kuvumilia anga tupu, fuata mpigapicha Gustave Le Gray wa Ufaransa, ambaye kati ya 1856 na 1857 aliunganisha negativi mbili (picha geu, zenye weusi mahali pa weupe), ya bahari na ya mawingu, kwenye mstari wa upeo. Sharti ni kwamba mwanga wa picha zote mbili utoke upande mmoja. Mawingu yale yale aliyatumia zaidi ya mara moja, na sioni ubaya wowote.