SOMO: Kutu ya juu juu kwenye gari kuukuu, itoe usiifunike

Jamani naandika mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii nakaa kimya. Wiki hii peke yake watu wanne wameniuliza kutu ya kwenye boneti wanaipakia nini, na mmoja kauliza akiwa kashapaka. Mi sio fundi rangi, nina Corolla 110 ya mwaka 1998, naishi nayo hapa Sakina, Arusha, na kila kitu hapa chini nimekifanyia gari yangu kikiwemo kile nilichoharibu.

Kwanza jua una kutu gani. Chukua bisibisi bapa ugonge gonge pale penye doa. Bati likiwa gumu na kutu iko juu tu, endelea kusoma. Bisibisi ikizama, somo hili sio lako, tafuta mtu wa kuchomelea akate kipande aweke bati jipya. Na rangi ikiwa imevimba kama lengelenge itumbue, kutu huwa imetembea chini kwa chini, doa la punje ya hindi ukilifungua unakuta limefika ukubwa wa kizibo cha soda.

1. Osha kwa sabuni, acha ikauke kabisa.

2. Zungushia tepu ya karatasi, acha nafasi kama vidole viwili pembeni ya doa.

3. Kwangua kwa msasa namba 80 mpaka uone chuma kinang'aa. Vidoti vyeusi vikibaki kwenye vishimo, usivionee huruma, hizo ndio mbegu. Vikigoma pakaa dawa ya kutu ile yenye asidi ya fosforasi, vaa glavu, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Malizia kingo na 180 halafu 320, ukipitisha kidole usikie pamelala, hakuna ngazi.

4. Kufunga chuma, yaani kukipiga praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Hapa ndipo nilipolia. Ilikuwa Jumamosi mwezi wa saba, nimekwangua mlango wa nyuma na madigadi mpaka saa kumi na mbili jioni, chuma kinang'aa kama sufuria mpya, kushika kopo la praima limebaki tone, duka limefunga, nikasema aah kesho. Asubuhi za huku mwezi wa saba mnazijua, ukungu umeshuka toka mlima Meru, gari limelowa jasho. Nakuta chuma kina wekundu mwepesi kama mtu kapuliza unga wa manjano. Nikachukua tambara nikachovya petroli nikafuta, unga ukatoka, nikaona safi, nikapiga praima, rangi, klia ile ya kung'arisha juu, nikapiga na picha. Masika ilipokolea malengelenge yamejipanga mlango mzima. Nikabandua kwa kucha rangi ikatoka kama ganda la yai la kuchemsha, chini yake unyevu na unga mwekundu ule ule. Kazi ya siku mbili nikaifanya upya yote.

Kwa hiyo shikeni haya:
- Chuma ulichokwangua leo kifunge leo. Anza umande ukishakauka, kama saa nne hivi, na praima iwepo mkononi KABLA hujagusa msasa.
- Kikilala wazi au kikinyeshewa, rudia msasa. Kufuta hakutoshi.
- Petroli inaacha mafuta, rangi haishiki. Tumia thina safi, tambara moja la kupaka, lingine la kukaushia, na ukimaliza usipapase tena kwa mkono.
- Ile praima ya kijivu ya kupuliza inapitisha maji. Usitembee nayo miezi mitatu ukidhani umemaliza. Inayoziba ni epoksi, ile ya kuchanganya na hadena. Vaa barakoa.
- Puti, ile ya kujazia mabonde, inanyonya maji. Ukiipiga juu ya kutu umeifugia kutu nyumba.

5. Rangi mikono miwili mitatu myepesi, klia, basi.

MASWALI

dogo_ngarenaro: Bro siwezi kuruka praima nikapiga rangi moja kwa moja?

Mwandishi: Soma namba 4.

dogo_ngarenaro: Nimesoma ila gari inaenda harusini jumamosi

Mwandishi: Basi iende na kutu yake.

mama_njiro: Habari kaka, asante kwa somo. Yangu kutu iko sakafuni chini ya kapeti upande wa dereva, na kila mvua ikinyesha nakuta maji. Nikikwangua si itarudi?

Mwandishi: Itarudi dada, umewaza vizuri kabisa. Anza na maji. Unapaki chini ya mti?

mama_njiro: Mjakaranda, ndio kivuli pekee nilichonacho 😅

Mwandishi: Ndio huyo. Yale maua na majani yanaingia pale chini ya waipa, yanaoza, yanaziba tundu la kutolea maji, maji yakikosa njia yanaingia ndani. Zoa uchafu wote kwa mkono, halafu mwagia jagi la maji juu ya kioo cha mbele uchungulie chini kama yanatoka. Fanya hivyo hivyo vitundu vya chini ya milango, kijiti cha kiberiti kinatosha. Kapeti toa nje lipigwe jua, na sponji yake. Ukiona pakavu mvua mbili tatu ndio ushike msasa.

fundi_pasua: Mangi unawatisha watu. Sisi Moshi tunapaka oili chafu chini ya gari toka zamani na gari zipo.

Mwandishi: Mkuu sijasema oili haizuii maji. Nasema inanata vumbi, inakula bushi za mpira, na siku unataka kuchomelea hapo chini inashika moto. Kama una jibu la bushi nipe.

fundi_pasua: Hapo kwenye bushi sina ubishi.

mzee_110: Vijana, mimi Landrover, alumini tupu. Hainihusu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Bodi ndio alumini, chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma, kwenye maungio na boliti, ukiona unga mweupe umevimbisha rangi ujue alumini inaliwa.

fundi_pasua: Na kama inaenda Ziwa Natron ndio kabisa. Lile tope la magadi lina chumvi, linaingia ndani ya chesisi. Kuosha nje ni kujidanganya, chomeka mpira wa maji kwenye vitundu vya chesisi uache mpaka yanayotoka upande wa pili yawe meupe.

mzee_110: Marahaba. Nimetoka huko juzi.

Mwandishi: Mzee usisubiri kesho. Fundi hiyo ya mpira nilikuwa sijui, Corolla haina chesisi ya hivyo ila pale chini ya milango pana uwazi na vitundu vyake, jioni naujaribu niwaambie kimetoka nini.