Somo: Kulinganisha fremu za filamu na kasi ya skrini

Filamu ikisitasita kwenye televisheni mpya, wengi hulaumu intaneti, ilhali mara nyingi tatizo ni hesabu ya kugawanya. Sinema hupigwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 sauti ilipoingia kwenye filamu, na skrini ya kawaida huchora picha upya mara 60 kwa sekunde. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki, fremu moja hukaa mizunguko 2 na inayofuata 3, kwa kupokezana, na ndiyo maana kamera inapopita taratibu juu ya mandhari picha huonekana kuvutwavutwa.

Hatua ya kwanza: tazama video yako ina fremu ngapi kwa sekunde, kwenye taarifa za kodeki (jinsi video ilivyosimbwa), kwa mfano katika programu ya video ya VLC. Ukikuta 23.976, ichukulie kama 24.

Hatua ya pili: fungua mipangilio ya onyesho kwenye kompyuta uone skrini inakubali kasi zipi. Kagua na waya pia, kwa sababu HDMI ya toleo la 1.4 haipitishi picha kali ya 4K kwa zaidi ya 30 Hz (mara 30 kwa sekunde), hata skrini iwe ya bei gani.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo: chagua kasi inayogawanyika kwa fremu za video. Video ya 24 itulie kwenye 24, 48, 72 au 120 Hz. Ya 25, ambayo ni ya televisheni za kwetu na za Ulaya, kwenye 50 au 100. Ya 30 kwenye 60 au 120. Skrini ya 120 Hz inasifiwa kwa haki, kwani hubeba 24, 30 na 60 zote, lakini hata hiyo haiiwezi 25.

Hatua ya nne: zima ulainishaji wa mwendo wa televisheni, unaobuni fremu ambazo mpigapicha hakuzipiga. Kwa mpira uache ukipenda. Kwa filamu, kwa maoni yangu, huharibu kazi ya watu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, skrini yangu ni ya 144 Hz. Filamu itakwenda sawa?*
Itakwenda vizuri sana, kwa kuwa kila fremu hupata mizunguko 6 kamili. Video ya fremu 60 ndiyo itakayosumbua. Irudishe skrini kwenye 120 au 60.

*Mbona nikirekodi kwa simu ukumbini michirizi hupita juu ya picha?*
Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupungua mwanga mara 100 kila sekunde. Weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50 au 1/100, na ikiwezekana urekodi kwa fremu 25. Kwenye iPhone, fremu 25 huonekana baada ya kuwasha miundo ya PAL (mfumo wa televisheni wa fremu 25) katika mipangilio ya kamera.

*Ikiwa sinema ni fremu 24 tu, kwa nini projekta za zamani hazikupepesa macho?*
Shata ya projekta, yaani kizuizi cha mwanga kinachozunguka, ilikuwa na mapanga 2 au 3, hivyo kila fremu ilimulikwa zaidi ya mara moja, na jicho likapokea mimuliko 48 au 72 kwa sekunde.