Somo: Kukagua modeli ya michakato miwili inayogombea faili moja

Ukijaribu programu kwa kuiendesha, unaziona njia ulizopita tu. Michakato inayokwenda sambamba ina njia nyingine nyingi, na hitilafu hupenda kukaa huko. Ukaguzi wa modeli, yaani kuchora mfano mdogo wa programu na kupitia kila hali yake, huzipita zote. Edmund Clarke na Allen Emerson wa Marekani, na Joseph Sifakis aliyefanya kazi yake Ufaransa, walipata Tuzo ya Turing ya 2007 kwa mbinu hii. Leo tuifanye kwa kalamu kwanza.

Hatua ya 1: Punguza. Tupa kila kisichohusu ugomvi. Inabaki hivi: michakato A na B, kila mmoja una bendera, yaani alama ya kusema "nimo". Mchakato unaangalia bendera ya mwenzake. Ikiwa chini, unainua yake na kuingia, yaani kuanza kutumia faili. Ukitoka, unaishusha.

Hatua ya 2: Chora hali. Kila mchakato unaangalia, uko tayari kuinua, au umo ndani. Ukichanganya na bendera mbili, 3×3×2×2 ni 36. Zinazofikika ni 9 tu, kwa kuwa bendera huwa juu pale tu mwenyewe akiwa ndani. Zichore zote 9, tafadhali; hapa ndipo somo linapoingia kichwani.

Hatua ya 3: Andika sifa. Ya usalama: kamwe wasiwe wawili ndani. Ya uhai: anayeomba, hatimaye ataingia. Amir Pnueli ndiye aliyeonyesha, mwaka 1977, kwamba mantiki ya wakati (yenye maneno kama "kamwe" na "hatimaye") inafaa kusema mambo haya kuhusu programu.

Hatua ya 4: Fuata mishale. A unaangalia: bendera ya B iko chini. B unaangalia: ya A nayo iko chini. A unainua, unaingia. B unainua, unaingia. Wawili ndani! Huu ni mfano kinzani, na kwangu ndio zawadi kubwa ya mbinu hii: huambiwi tu kuna kosa, unaonyeshwa njia yake mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 5: Rekebisha, kagua upya. Wengi hugeuza mpangilio: inua kwanza, ndipo uangalie. Usalama unapatikana, lakini wote wawili wakiinua kwa pamoja, kila mmoja unamsubiri mwenzake milele. Peterson (1981) aliongeza kigeu cha zamu: inua bendera, mpe mwenzako zamu, kisha subiri maadamu bendera yake iko juu na zamu ni yake. Hapo sifa zote mbili zinasimama.

Ukishaelewa, iandike kwa Promela, lugha ya kuandikia modeli, na uikabidhi Spin, programu inayozikagua.

Maswali

*Mwalimu, michakato ikiwa kumi?*
Mchanganyiko unafika 60,466,176. Ndio mlipuko wa hali. Anza na miwili au mitatu. Makosa mengi hujitokeza hapo hapo.

*Kuna hitilafu ya kweli iliyonaswa hivi?*
Ndiyo. Itifaki ya Needham-Schroeder, ya kuthibitisha utambulisho kwenye mtandao, ni ya 1978. Gavin Lowe alitangaza shambulio dhidi yake 1995, na 1996 akaonyesha jinsi kikaguzi FDR kinavyolipata kwa modeli ndogo sana.

*Modeli ikipita, msimbo wa programu yangu uko salama?*
Hapana, ndugu yangu. Kilichothibitishwa ni modeli. Prosesa nyingi za sasa zinaweza kusoma bendera ya mwenzako kabla uandishi wa bendera yako haujaonekana kwa wengine, na hapo mbinu ya Peterson inavunjika. Weka kizuizi cha kumbukumbu (amri inayolazimisha uandishi uonekane kabla ya kusoma) kati ya kuandika na kusoma, au ingiza ucheleweshaji huo kwenye modeli uone mfano kinzani ukitokea.