SOMO: Kuikamua game moja ya chess ya blitz (ya dakika chache) ili ufunguzi wako, yaani hatua zako za mwanzo, ukae sawa

Wakuu habari za jioni, hasa machalii wa Chuga mnaokusanyika na bodi pale Kilombero. Naona wengi tunakariri mistari ya ufunguzi toka video za Yutyubu, mpinzani akitoka nje ya mstari hatua ya 6 tu unaganda na saa inakimbia. Bora uchukue game moja ya wakali ujue kila kete imeenda pale kwa nini.

Tunatumia game ya magwiji wa chess, Korchnoi (weupe) na Fischer (weusi), kwenye mashindano ya blitz ya Herceg Novi kule Yugoslavia, Aprili 1970, dakika 5 kila mtu. Fischer alimaliza na pointi 19 kati ya 22, alifungwa mara moja tu na ni huyu huyu Korchnoi aliyemfunga, ila hii Fischer kashinda na weusi.

Hatua ya 1: itafute mtandaoni, Lichess ni bure. Injini, yaani programu inayokuchambulia hatua, zima kabisa.

Hatua ya 2: panga bodi ya kweli, funika hatua zinazofuata na karatasi, kisia kabla hujafunua.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe msiruke. Hatua za game zilianza hivi (herufi ndogo na namba ni mraba kete inapoenda, N ni farasi, B ni askofu, isiyo na herufi kubwa ni askari, O-O ni mfalme kujificha pembeni na ngome): 1.d4 Nf6 2.c4 g6 3.Nc3 Bg7 4.e4 d6 5.Be2 O-O 6.Nf3 e5 7.O-O Nc6 8.d5 Ne7 9.Nd2 c5. Sasa jiulize, farasi mzuri wa f3 anarudi d2 kufanya nini? Kati pameshafungwa, weupe chakula chao kiko upande wa malkia, wanataka kusukuma askari c5 halafu huyo farasi akae c4. Fischer kaziba kwanza na c5 yake, Korchnoi ikabidi azunguke na a3 na b4, na muda huo Fischer karudisha farasi e8 kumpisha askari wa f. Ikaja f5, f4, g5, ngome ikapita f6 mpaka g6, yaani jeshi zima linamfuata mfalme. Hatua ya 28 farasi akajitoa h3, ya 31 mchezo ukaisha. Andika hizo sababu kwenye daftari kwa maneno yako.

Hatua ya 4: washa injini, linganisha na ulichoandika.

Hatua ya 5: na mwenzako anzeni kutoka hatua ya 9 ya game, dakika 5, mkibadilishana rangi.

MASWALI

Mdau: Mkuu mi nacheza e4 tu, hii inanihusu?
Jibu: Njia ni ile ile, ila game chagua ya ufunguzi unaoucheza wewe.

Mdau: Kaka nisome ngapi kwa wiki?
Jibu: Moja inatosha, ila iishe kweli.

Mdau: Shikamoo kaka, je mweupe asipofunga na d5, hatua ya 7 akala e5 tukabadilishana malkia?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hili. Mpango wa kumvamia mfalme unakufa hapo, malkia hawapo. Ila usihofie askari wako wa e5, akimla na farasi we kula e4 na farasi wako, maana akimla huyo farasi wako, askofu wako wa g7 anamla farasi wake wa e5 na mnabaki sawa. Wanaojua hawamli, wanaleta askofu g5, we ngome peleka e8 uendelee.