Kununua Kompyuta Mpya Sasa au Kusubiri: Namna ya Kuamua

Kabla ya kulinganisha kompyuta zilizopo sokoni na zile zinazosemekana kuwa njiani, ichunguze kwanza ile uliyo nayo, kwa sababu watu wengi huamua kununua mashine mpya kutokana na upolepole ambao chanzo chake ni sehemu moja tu inayoweza kubadilishwa. Siku kompyuta inapokukera, fungua dirisha linaloonyesha matumizi ya mashine, ambalo katika Windows hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na katika Mac hupatikana kwenye programu iitwayo Activity Monitor. Litazame wakati kazi imekwama, kwa kuwa mashine iliyotulia haitakuambia lolote. Ukiona diski inatumika kwa asilimia 100 huku kichakataji, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, kikiwa karibu hakina kazi, basi kinachokuchelewesha ni diski. Ukiona kumbukumbu, yaani RAM, imejaa, tatizo liko hapo. Na kama ni kichakataji ambacho hakishuki chini ya asilimia 90 kila unapofanya kazi zako za kawaida, hapo ndipo hoja ya kununua mashine mpya inapoanza kuwa na mashiko.

Suala la diski linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndilo linalowapotosha wengi. Diski ngumu ya kuzunguka husoma data kwa kasi ya megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo huporomoka vibaya pale inapolazimika kutafuta mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, jambo ambalo mfumo endeshi, yaani programu kuu kama Windows, hulifanya mfululizo tangu kompyuta inapowashwa. Diski ya SSD inayotumia kiunganishi cha SATA hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na nyingi za NVMe, ambacho ni kiunganishi cha kasi zaidi, huvuka 3,000, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba SSD haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusogezwa huku na huko, hivyo hayo mafaili madogo huyapata karibu papo hapo. Kompyuta ya miaka 8 au 10 iliyobadilishiwa diski ya aina hiyo huweza kuwaka kwa sekunde chache badala ya dakika kadhaa, na kwa mtu anayeandika nyaraka, kujibu barua pepe na kusoma mtandaoni, mabadiliko hayo pekee huweza kuahirisha ununuzi kwa miaka miwili au mitatu.

Kumbukumbu nayo inaweza kuongezwa, mradi haikuchomelewa kwenye ubao mama. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba zimechomelewa, na Mac zote zinazotumia vichakataji vya Apple vyenyewe hazikubali nyongeza kabisa, hivyo hakikisha kwanza kabla ya kununua chochote. Usisahau vumbi pia: mashine inayopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na feni iliyoziba huweza kuifanya kompyuta isiyo na kasoro yoyote ionekane imezeeka.

Yapo hata hivyo mambo yasiyostahimili kusubiri. Diski ya kuzunguka inayotoa mlio wa kugongagonga, au inayokataa kusoma baadhi ya mafaili, ni ya kuokolewa leo, kwa maana ya kuhamisha nakala za data yako mahali pengine kabla hata hujafikiria kompyuta ipi uinunue. Betri iliyovimba hadi kuinua kibodi ni hatari ya moto. Zima mashine, usiichaji tena, wala usijaribu kuitoboa au kuibonyeza irudi. Betri ikibadilishwa, kompyuta yenyewe huenda bado ina maisha.

Baada ya hali ya mashine, angalia iwapo mfumo wake endeshi bado unapokea masasisho ya usalama, kwa kuwa hapa tarehe zinajulikana na hakuna haja ya kubahatisha. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji binafsi wanaojiandikisha wamepewa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni cha kizazi cha 8 au baada yake, hivyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 haziruhusiwi rasmi kuipokea ingawa bado zina nguvu za kutosha. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kununua nyingine, kutumia muda wa nyongeza huku akijipanga, au kuweka mfumo wa Linux, ambao ni bure na hupokea masasisho hata kwenye mashine kongwe. Njia hii ya mwisho naipendekeza kwa anayefanya kazi zake nyingi kupitia kivinjari. Anayetegemea programu maalumu za kazini athibitishe kwanza kwamba zinapatikana huko.

Sasa pima gharama ya kusubiri kwenyewe, maana watu huichukulia kana kwamba haipo. Tuseme kompyuta yako inakupotezea dakika 20 kila siku ya kazi, kwa kuwaka polepole, kuganda na kukulazimu kurudia uliyoyafanya. Katika miezi 6, ambayo ina takriban siku 125 za kazi, utakuwa umepoteza dakika 2,500, yaani zaidi ya saa 40, ambazo ni sawa na juma zima la kazi. Andika makadirio yako mwenyewe kwa siku tano mfululizo ili hesabu isitokane na hasira. Ikiwa upotevu ni dakika mbili au tatu kwa siku, unaweza kusubiri kwa raha. Ukifika dakika 20, kile unachokisubiri inabidi kiwe na thamani ya kulipia juma hilo.

Je, unasubiri nini hasa? Sababu nzuri ya kusubiri huwa na jina na tarehe. Mwezi Juni 2020 Apple ilitangaza kwamba ingeacha vichakataji vya Intel na kutumia vyake yenyewe, na kwamba kompyuta ya kwanza ya aina hiyo ingetoka kabla ya mwaka kwisha. Novemba ya mwaka huo zikatoka Mac zenye kichakataji hicho cha Apple, kiitwacho M1, zilizokuwa na kasi kubwa na matumizi madogo ya betri kuliko zile zilizotangulia. Aliyesubiri miezi hiyo mitano alikuwa na sababu, na aliyenunua Mac ya Intel katikati ya mwaka huo amekuja kuona Apple ikitangaza mwaka 2025 kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho la macOS, mfumo endeshi wa Mac, litakalohudumia Mac zozote za Intel. Mabadiliko ya kiasi hicho ni machache. Kwa kawaida tofauti kati ya kizazi kimoja cha vichakataji na kinachofuata haionekani kwa mtu anayefanya kazi za ofisini, na uvumi wa mashine isiyotangazwa rasmi hautoshi kukuzuia.

Kusubiri kwa namna hiyo kuliwahi kuhusishwa na kuanguka kwa kampuni nzima. Osborne, iliyokuwa ikiuza kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa karibu kilo 11, inasimuliwa kuwa ilianza kuzungumzia mashine ijayo kabla haijawa tayari, wateja wakaacha kununua iliyokuwepo, na mwaka 1983 ikafilisika. Wapo wanaosema matatizo yake yalikuwa mengi zaidi ya hilo.

Wengine husubiri bei ishuke, na hapa nashauri tahadhari, kwa sababu dhana kwamba vifaa vya kompyuta hushuka bei kila mwaka imevunjika mara kadhaa. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalifunika viwanda vya diski ngumu na bei zikapanda ghafla. Mwaka 2021 kadi za michoro ziliadimika kwa sababu ya uhaba wa chipu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Na mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipaa baada ya watengenezaji kuelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kinachotabirika zaidi ni punguzo la mashine ya mwaka uliopita pindi mrithi wake anapoingia dukani. Maonyesho ya teknolojia ya CES hufanyika Las Vegas kila Januari na Computex hufanyika Taipei kati ya Mei na Juni, na bidhaa nyingi zinazotangazwa huko hufika madukani katika miezi inayofuata. Ukiwa umebakiza wiki chache kufikia kipindi hicho na mashine yako bado inafanya kazi, vuta subira. Ile ya zamani iliyopunguzwa bei mara nyingi ndiyo itakayokufaa.

Ukiamua kununua sasa, fedha zielekeze kwanza kwenye kile usichoweza kukiongeza baadaye, hasa kumbukumbu iliyochomelewa. Gigabaiti 16 ndicho kiwango ambacho ningeanzia kwa mashine inayotarajiwa kudumu miaka mitano. Ukiamua kusubiri, andika tarehe na kitu unachokisubiri kwenye karatasi moja, weka nakala rudufu ya data yako, na siku hiyo ikifika rudia kipimo kilekile cha dakika zinazopotea. Ikiwa kitu chenyewe hakijatoka, usiisogeze tarehe mbele, bali nunua kilichopo.